Dhiki, Tezi na Mizani ya Mwili: Somo kwa Familia za Galbet na Kwetu Sote

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Wasomaji wetu wa Lamu, Malindi na Mombasa wenye jamaa mjini Garissa wanayajua malalamiko yatokayo katika wadi ya Galbet na mitaa jirani. Mama hulala usiku akiwa macho. Hedhi imekatika kabla ya umri wake. Kijana hushtuka mlango ukigongwa. Mtoto hali vizuri wala hakui kama wenzake. Akipelekwa kwa daktari, mara nyingi vipimo vya malaria na taifodi havionyeshi kitu. Hapo ndipo ndimi hufunguka: huyu ana upungufu wa imani, yule amepagawa na jini, mwengine anajifanya tu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba dhiki ya moyo hufika mwilini kwa njia inayojulikana, na kwamba njia hiyo hupita katika tezi ndogo iliyo kichwani na kuishia katika jeni zenyewe. Anayeielewa njia hiyo hatakuwa mwepesi wa kumhukumu mwenye huzuni, wala hatacheza na dawa ziwezazo kuivuruga.

TEZI ILIYOKALIA TANDIKO

Chini ya ubongo, nyuma ya mwanzo wa pua, pana tezi isiyozidi punje ya mbaazi, uzito wake ni kama nusu gramu. Madaktari huiita pituitari, na vitabu vya tiba vya Kiarabu huiita al-ghudda an-nukhamiyya. Imekaa katika kishimo cha mfupa kilichofanana na tandiko la farasi, hata wataalamu wa maumbile ya mwili wakakiita tandiko la Kituruki. Kutoka juu ya tandiko hilo tezi hii huongoza mambo makubwa: ukuaji wa mtoto, maziwa ya mama, hedhi na uzazi, tezi ya shingo, na namna mwili unavyojiandaa kukabili hatari.

Hata hivyo, pituitari nayo ina mkubwa wake. Juu yake ipo sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, inayopokea habari za hofu, njaa, maumivu na huzuni. Habari ikiwa nzito, haipothalamasi hutoa homoni iitwayo CRH, ikateremka kwa vijishipa vifupi vya damu hadi kwenye pituitari. Homoni hiyo ni chache mno. Mwanasayansi Wylie Vale na wenzake, waliofaulu kuibainisha huko California mwaka 1981, walilazimika kukusanya sehemu hiyo ya ubongo kutoka kwa kondoo wanaokaribia nusu milioni. Watu wa Garissa, ambao wanajua soko la mifugo ni nini, wataipima wenyewe kazi hiyo.

Pituitari ikipokea CRH, humwaga katika damu homoni nyingine iitwayo ACTH. Hiyo husafiri hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa kortisoli, ambayo ndiyo homoni kuu ya dhiki. Kortisoli huongeza sukari ya damu ili misuli na ubongo vipate nguvu, hushikilia shinikizo la damu lisianguke, hutuliza uvimbe, na huahirisha kazi ziwezazo kungoja. Mwenye kuikosa kabisa hawezi kuishi. Kwa hiyo kortisoli ni neema, na madhara yake hutokana na kuzidi au kupungua.

KITABU KIMOJA, WASOMAJI WENGI

Sasa tuingie ndani ya seli. Karibu kila seli ya mwanadamu ina nakala nzima ya maagizo ya mwili, yaani jeni zipatazo 20,000. Seli ya ini inazo zote, na seli ya pituitari inazo zote. Mfano wake ni chuo ambacho kila mwanafunzi ana msahafu kamili mkononi, lakini kila darasa limefungua sura yake. Tofauti ya seli na seli ni ukurasa uliofunguliwa, na ni mara ngapi unasomwa.

Katika pituitari zipo seli maalumu ambazo hufungua jeni iitwayo POMC. CRH inapozifikia, huziamsha protini fulani ndani ya seli, zikaikalia jeni hiyo na kuhimiza isomwe kwa wingi. Mojawapo huitwa Nur77. Jina hilo halitokani na nuru ya Kiarabu, ingawa msomaji wetu atasamehewa kwa kudhani hivyo. Jacques Drouin na wenzake mjini Montreal wametumia miaka mingi kuchunguza namna jeni hii moja inavyowashwa na kuzimwa.

Jeni ya POMC ikisomwa, hutoka protini moja ndefu, kisha hukatwa vipande. Kipande kimoja ni ile ACTH inayoita kortisoli. Kipande kingine kinaweza kutoa beta-endofini, kitu cha jamii ya afyuni ambacho mwili hujitengenezea ili kutuliza maumivu. Mtu na atafakari: amri ya kujihami na kitulizo cha maumivu vimewekwa katika andiko moja. Aliyeumba hofu ameweka faraja kando yake.

BREKI

Amri isiyo na breki ni maangamizi, na breki imo ndani ya kortisoli yenyewe. Ikishatoka juu ya figo huzunguka na damu mpaka ikarudi kichwani. Huko hupenya ndani ya seli za pituitari, ikakutana na kipokezi chake, na wawili hao wakaingia pamoja hadi kwenye kiini cha seli zilipo jeni. Hapo kipokezi huizuia Nur77 na wenziwe, na usomaji wa POMC ukapungua. ACTH hupungua, kisha kortisoli yenyewe ikapungua. Haipothalamasi nayo hupata ujumbe huohuo wa kutulia. Hii ni mizani: kinachozalishwa ndicho kinachomwambia mzalishaji kwamba kimetosha.

Ushahidi wa mizani hii ulikuwa mbele ya macho ya madaktari kabla hawajaielewa. Mwaka 1855 Thomas Addison wa London aliwaeleza wagonjwa ambao tezi zao za juu ya figo zilikuwa zimeharibika, wengi wao kwa kifua kikuu. Walikonda, wakalegea, na ngozi zao zikazidi weusi. Sababu inajulikana leo: kortisoli ikikosekana, breki haipo. Pituitari huendelea kusoma POMC usiku na mchana, na ACTH inayozidi huziamsha seli za rangi ya ngozi. Katika kaunti zetu, ambako kifua kikuu bado kipo, mgonjwa anayezidi kuchoka, anayetamani chumvi, na ambaye fizi na mistari ya viganja vyake vinakuwa vyeusi, asiachwe nyumbani. Apelekwe hospitali apimwe.

Mizani hii ina saa yake pia. Kwa mwenye kulala usiku, kortisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, kisha hupanda kuelekea alfajiri, ili mwili uwe tayari kuamka. Mwenye kuukesha usiku kwa simu au kwa miraa, kisha akalala baada ya jua kuchomoza, anaipa saa hiyo kazi ya kupingana nayo kila siku.

DHIKI ISIYOKWISHA

Mfumo huu umewekewa hatari inayokuja na kupita: nyoka njiani, moto, mtoto anayezama. Tatizo ni hatari isiyoondoka. Garissa imeyaonja ya namna hiyo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika nchi za Kaskazini Mashariki, na mifugo ambayo ndiyo benki ya familia ikafa. Kisha mwisho wa 2023, na tena 2024, Mto Tana ukafurika na kuwatoa watu majumbani. Wazee wana kumbukumbu ya zamani zaidi, ya Novemba 1980, Bulla Kartasi ilipochomwa na watu wakakusanywa na kuzuiliwa.

Dhiki ikikaa hivyo, breki hubadilika. Kwa baadhi ya watu wenye huzuni nzito hulegea, na kortisoli hukataa kushuka hata inapotakiwa kushuka. Kwa wengine, hasa walioshuhudia mauaji, hutokea kinyume chake: breki hushika kupita kiasi, kortisoli ikawa ndogo huku moyo ukibaki na tahadhari kila saa. Ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja waliopatwa na msiba mmoja huweza kuonyesha dalili tofauti, na haifai kumpima mmoja kwa mwenziwe.

Dhiki pia hufunga kurasa nyingine za tezi hiyo. Amri za uzazi hupungua, na mama akakosa hedhi ilhali hana mimba wala hajafikia ukomo wake. Yule mama anayesema mwili umemkataa anasema kweli. Mwili umeahirisha ambayo umeona hayana haraka wakati wa hatari.

MTOTO ASIYEKUA

Hapa nawaomba wazazi na walimu wa vyuo wasome polepole. Mwaka 1948, baada ya vita kuu, mtafiti Mwingereza Elsie Widdowson alifuatilia watoto wa nyumba mbili za mayatima nchini Ujerumani. Chakula chao kilikuwa sawa, mgao wa serikali. Nyumba moja ilisimamiwa na mama mpole, na nyingine na mama mkali aliyependa kuwakaripia watoto mbele ya wenzao, mara nyingi wakati wa kula. Watoto wa mama mpole waliongezeka uzito kuliko wenzao. Baadaye ile nyumba yao ilipewa mkate, jamu na maji ya machungwa ya ziada. Ikasadifu kwamba wakati huohuo yule msimamizi mkali alihamishiwa hapo. Pamoja na chakula cha ziada, watoto wale wakaongezeka kidogo kuliko wale aliowaacha. Walioneemeka ni wachache tu aliowapenda, ambao alihama nao.

Widdowson alichapisha habari hizo mwaka 1951. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza habari za watoto 13 waliodumaa, ambao walidhaniwa pituitari zao ni mbovu. Kumbe wote walitoka katika nyumba zenye taabu na ukosefu wa mapenzi. Walipohamishwa na kuwekwa mahali pa upole walianza kukua kwa kasi, bila kupewa homoni yoyote ya ukuaji. Tezi ilikuwa nzima. Iliyokuwa imezuiwa ni amri ya kukua.

Ikiwa hali ni hiyo, fimbo na matusi katika chuo cha Qurani, au karipio la kila siku mezani, si malezi madogo wala si jambo la siri ya nyumba. Mtoto aliyekwisha kupoteza ngamia wa babake kwa ukame, akapoteza nyumba kwa mafuriko, hana nafasi ya hofu nyingine kutoka kwa mwalimu wake. Mtume wetu (S.A.W.) alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni. Huo ndio ualimu tuliorithishwa.

KABLA YA KUZALIWA

Je, dhiki ya mama humfikia aliye tumboni? Jirani zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wametupa sehemu ya jibu. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walichapisha uchunguzi wa akina mama 25 na watoto wao wachanga waliozaliwa katika mji huo uliozungukwa na vita. Waliwauliza mama habari za dhiki zao, wakapima damu ya kitovu. Waliangalia jeni iitwayo NR3C1, ambayo ndiyo hutengeneza kile kipokezi cha kortisoli, yaani breki tuliyoieleza.

Jeni huweza kuwekewa alama ndogo za kikemikali ziitwazo methili. Alama hizo hazibadilishi maandishi ya jeni. Hufanya kazi kama uzi uliofungwa kwenye ukurasa, ukawa mgumu kufunguliwa. Mama aliyepata dhiki nyingi zaidi, hasa za vita, mtoto wake alionekana kuwa na alama nyingi zaidi kwenye jeni ya breki, na uzito wake wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Watu 25 ni wachache, na damu ya kitovu si pituitari, kwa hiyo tusiubebeshe uchunguzi huo zaidi ya uwezo wake. Wala alama si hukumu ya maisha. Majaribio ya panya yaliyofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba alama za jeni hiyohiyo katika ubongo hutegemea namna mama anavyomlea mtoto baada ya kuzaliwa. Kitoto kilichozaliwa na mama asiye na huruma, kikilelewa na mama mwenye huruma, kilipata alama za mlezi wake. Malezi huandika, na malezi hufungua.

KIDONGE NA KRIMU

Nimetaja breki, na sasa nitaje mkono unaoichezea. Katika maduka ya dawa ya miji yetu huuzwa prednisoloni na deksamethasoni, na wengi hununua bila cheti: huyu kwa maumivu ya magoti, yule kwa mzio, binti kwa kutaka kunenepa. Dawa hizi ni za jamii ya kortisoli, na mikononi mwa daktari zimeokoa roho nyingi. Lakini pituitari haitofautishi kortisoli ya mwilini na ya dukani. Ikiziona nyingi katika damu hufunga ukurasa wa POMC. ACTH hukauka, na tezi za juu ya figo, kwa kukosa anayeziamrisha, husinyaa.

Mtu akizitumia kwa wiki kadhaa kisha akaacha ghafla, mwili hubaki bila kortisoli ya dawa na bila ya asili. Akipata homa au jeraha siku hizo huweza kutapika, kuishiwa nguvu, shinikizo likaanguka, na akafa huku watu wakimsomea wakidhani ni jambo jingine. Krimu kali za kung'arisha uso zenye dawa ya jamii hii nazo hupenya ngozini, na zikipakwa sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu huweza kuleta hatari hiyohiyo.

Basi asianze mtu bila daktari, na aliyekwisha kuzitumia kwa wiki nyingi asiziache kwa ghadhabu baada ya kusoma makala haya. Aende hospitali apunguziwe hatua kwa hatua. Mwenye pumu asiogope dawa yake ya kuvuta aliyoandikiwa; hiyo aendelee nayo. Na atumiaye vidonge hivi kwa ugonjwa wa kudumu amuulize daktari wake kabla ya Ramadhani. Sharia imempa mgonjwa ruhusa, na ruhusa ya Mola hukubaliwa kwa shukrani.

IMANI NA TEZI

Wako watakaouliza: je, maelezo haya hayapunguzi nafasi ya imani? La hasha. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakapofuka, naye ni Nabii. Mtume wetu alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule uliitwa Mwaka wa Huzuni. Alikuwa akijikinga kwa Mola wake na hamu na huzuni, na wanavyuoni wakafafanua kwamba hamu ni ya yajayo na huzuni ni ya yaliyopita. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu maslahi ya miili na nafsi, akaonya kwamba daktari asiyeitibu nafsi ameiacha nusu ya kazi. Huzuni si dalili ya ukafiri, na dhikri haikatazi dawa. Mwenye kumfunga ngamia wake hajapunguza tawakkul.

Basi yetu ni haya. Kwanza, mwenye dhiki asihukumiwe. Asikilizwe, kisha apelekwe kwa daktari kama anavyopelekwa kwa imamu. Pili, mama mjamzito aliyefiwa au aliyehamishwa apewe msaada wa kazi na wa chakula kabla ya maneno ya kumpa moyo. Tatu, nyumba irudishe usiku wa kulala, kwa Isha hadi Alfajiri. Nne, mwalimu aweke fimbo chini. Tano, vidonge na krimu hizi zisinunuliwe kwa ushauri wa jirani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaondolee ndugu zetu wa Galbet na Kaskazini Mashariki yote kila dhiki, awape subira waliofiwa, awakuze watoto wetu katika upole, na atujaalie tuwe sababu ya utulivu kwa wenzetu wala tusiwe sababu ya hofu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.